Muulize Mama wa Maturubai: Nikodi au Ninunue?

Barua za mwezi huu zimenijia kutoka kila upande na karibu zote zinauliza jambo moja: kitu ninachokihitaji, nikinunue au niendelee kukikodi? Mnajua kazi yangu. Nakodisha maturubai, viti, masufuria na majiko ya shughuli hapa Temeke, tangu wanangu wakiwa shule ya msingi. Mtu angetegemea nimwambie kila mmoja akodi. Sitafanya hivyo. Nimeona watu walionunua kitu cha milioni kikageuka cha kuanikia nguo, nimeona na waliokodi kitu kimoja wiki hadi wiki, mpaka fedha waliyotoa ingetosha kununua viwili. Wote wananiuma, maana ile ni fedha ya jasho.

Barua nimezifupisha. Bei ni za waandishi wenyewe kwa mitaa yao. Kwenu zinaweza kuwa nyingine, lakini namna ya kupiga hesabu haibadiliki.

SWALI: Shikamoo Mama. Naendesha bodaboda Mbezi kwa hesabu, yaani fedha ninayompa tajiri mwenye pikipiki, ya shilingi 8,000 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili ni yangu. Mafuta na oili najitegemea, matengenezo makubwa ni ya tajiri. Sasa kuna mtu anataka kunipa pikipiki mpya kwa mkataba: 12,000 kwa siku, siku hizohizo sita, kwa miezi 14. Matengenezo yote yangu, na tukimaliza pikipiki inakuwa yangu. Dukani inauzwa 3,100,000 taslimu, ambayo sina. Kijiweni wenzangu wamegawanyika. Nifanyeje?
Dereva, Mbezi

JIBU: Marahaba mwanangu. Najua kijiweni wanavyobishana. Mmoja anasema mkataba ni utumwa, mwingine anasema hesabu ni kumlimia mtu shamba. Tuache maneno, tushike kalamu.

Chukua siku 26 kwa mwezi. Miezi 14 ni siku 364. Kwa mkataba utatoa 4,368,000. Kwa hesabu, siku hizohizo, utatoa 2,912,000 na mwisho wake mikono mitupu. Kwa hiyo usilinganishe mkataba na bei ya dukani, kwa sababu fedha ya dukani umesema huna. Linganisha na hesabu unayolipa sasa. Tofauti ni shilingi 4,000 kwa siku, yaani 1,456,000 kwa muda wote.

Ongeza kile ambacho leo anakilipa tajiri na kesho utakilipa wewe: matairi, cheni na sproketi, kloji, taa, na siku nzima inayopotea kwa fundi. Kila siku tenga shilingi 1,500 usiiguse. Kwa siku 364 inafika 546,000. Ukijumlisha na ile tofauti, unapata kama milioni 2. Hiyo ndiyo bei halisi unayonunulia pikipiki itakayokuwa imetembea miezi 14 barabarani. Sasa nenda wanakouziana pikipiki zilizotumika, uliza aina hiyohiyo yenye umri wa mwaka na ushee inakwenda kwa kiasi gani. Wakikutajia zaidi ya milioni 2, mkataba unakulipa. Wakikutajia 1,500,000, baki kwenye hesabu, ile 4,000 iweke kila jioni mahali ambapo si mfukoni.

Hiyo ni hesabu tu. Yanayowaliza vijana yako kwenye karatasi, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Nimesoma mikataba ya bodaboda iliyoandikwa nusu ukurasa, inataja fedha ya kila siku na hakuna kingine. Ukiugua malaria siku tano, inakuwaje? Mikataba mingi haisemi, na isiposema, mwenye chombo anaweza kuja kuichukua mwezi wa 12 nawe ukabaki na stori. Dai iandikwe kwamba siku za ugonjwa zinasogezwa mbele, hazifuti mkataba, na itajwe ni malimbikizo ya siku ngapi ndiyo yanampa haki ya kuichukua.

Uliza pia ikiibwa mwezi wa tisa nani anabeba hasara. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, haikulipi wewe pikipiki iliyoibwa. Kama hakuna bima kubwa, kubalianeni mapema, maana baada ya wizi hakuna anayekubaliana na mwenzake.

Halafu kadi ya pikipiki. Itabaki na jina lake mpaka umalize, hilo ni la kawaida. Iandikwe kwamba ukimaliza atakwenda nawe mamlaka ya mapato, TRA, kuhamisha umiliki ndani ya siku kadhaa zinazotajwa kwa namba, na gharama ya kuhamisha ni ya nani. Kila siku unayolipa, asaini daftari, au lipa kwa simu ujumbe ubaki. Shahidi mmoja awe wako, siyo wote wawili wa kwake. Pitisheni karatasi hiyo serikali ya mtaa, na mkiweza kwa wakili.

Kabla hujasaini, ulizia halmashauri yenu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi, na inachosha kufuatilia, sikufichi. Lakini wewe na wenzako wa kijiweni tayari ni kikundi, bado tu kukisajili. Pikipiki ya 3,100,000 bila riba ni kitu tofauti kabisa na ya 4,368,000.

SWALI: Mama, natarajia kumwaga slabu ya ghorofa moja kwangu Chanika. Fundi anasema mashine ya kuchanganya zege inakodishwa 120,000 kwa siku. Mirunda, ile miti ya kuegemeza slabu, tunahitaji 250. Kukodi ni shilingi 100 kwa mmoja kwa siku, kununua ni 3,000. Shemeji yangu ananishauri ninunue mashine, niwe nakodisha nikimaliza, na mirunda nikodi. Unaonaje?
Mjenzi, Chanika

JIBU: Naona kinyume na shemeji, kwa vyote viwili.

Mashine ya zege unaihitaji siku moja. Mafundi wana msemo wao, zege hailali, na ni kweli kabisa: saruji ikishaguswa na maji haikusubiri, na slabu ukiianza asubuhi unaimaliza siku hiyohiyo. Jioni mashine inaoshwa inaondoka. Kununua kitu cha mamilioni kwa kazi ya siku moja, eti utakikodisha baadaye, ni kuanzisha biashara ambayo hukuipanga. Utahitaji mtu wa kuisimamia, mahali pa kuiweka, na wateja. Kama biashara hiyo unaitaka, ianze kwa nia yake, siyo kwa sababu ya slabu yako.

Unapoikodi usiangalie bei peke yake. Uliza inakuja na mwendeshaji? Mafuta ni ya nani? Ikizima saa nane mchana nusu ya slabu imemwagwa, kuna ya pili? Mwenye mashine mbili akikutajia 140,000, mpe yeye. Jioni ya siku moja kabla, iwe imefika na imewashwa ukaisikia inaunguruma. Vaibreta ya kutikisa zege nayo ikodi, na nayo ijaribiwe.

Mirunda ni jambo jingine kabisa. Haikai siku moja. Kwanza wiki ya kupanga boksi na kusuka nondo, mirunda imesimama na inahesabiwa. Kisha baada ya kumwaga, inabaki chini ya slabu mpaka zege ishike. Ni lini itolewe atasema mhandisi wako, lakini kwa slabu na mihimili watu huhesabu wiki mbili hadi tatu, na nguvu kamili ya zege hupimwa siku ya 28. Weka siku 28 kwa jumla: mirunda 250 mara shilingi 100 mara siku 28 ni 700,000. Kuinunua yote ni 750,000. Ukimaliza, hata ikibaki mizima 200 tu na ukaiuza 1,200 kila mmoja, unarudisha 240,000. Jirani anayeanza msingi leo ndiye mnunuzi wako. Kwa hiyo kununua kumekugharimu 510,000, na kukodi 700,000.

Lakini hata kama hesabu zingelingana, bado ningekuambia ununue. Mtu aliyekodi mirunda kwa siku, kila asubuhi akiamka anaiona fedha inatoka. Siku ya tisa anamwambia fundi, "Imekauka hiyo, tutoe." Kwa juu slabu ni nyeupe na ngumu, ukiipiga kwa nyundo inalia. Ndani bado. Siku hiyo anaokoa 25,000 na chini ya slabu watoto wanacheza. Naomba sana wajenzi wote mnaosoma hapa: kifaa kinachoshikilia uhai wa mtu msikikodi kwa namna inayowasukuma kukirudisha mapema. Kama ni lazima ukodi, kubaliana bei ya mkupuo mpaka mhandisi aseme, siyo bei ya siku.

SWALI: Mama, nina cherehani yangu ya kawaida, nashona Tandika. Ovaloki, mashine ya kufunga kingo za nguo, sina, napeleka nguo kwa jirani, 500 kwa nguo. Ovaloki naiona kwa 600,000. Ninunue?
Fundi cherehani, Tandika

JIBU: Inategemea unapeleka nguo ngapi, na hilo hukuniandikia. Ukipeleka tano kwa siku, siku 26, unamlipa jirani 65,000 kwa mwezi. Miezi tisa na siku kadhaa umefikia bei ya mashine. Ukipeleka mbili kwa siku, ni karibu miaka miwili. Andika mwezi mzima, nguo kwa nguo, pamoja na muda unaopoteza kwenda na kungoja foleni. Uchunguze hasa mwezi wa kuelekea Idd, maana hapo ndipo jirani anamaliza za kwake kwanza na wateja wako wanakuja kukuchachamalia. Kama Idd mbili zilizopita umerudisha fedha za watu kwa sababu ya ovaloki, nunua hata kama hesabu ya kila siku haijatimia.

SWALI: Shikamoo Mama. Naoa mwezi wa tano, Tanga. Joho jipya nimeambiwa 350,000, kukodi 60,000. Mchumba anataka ninunue, eti ni kumbukumbu.
Bwana harusi mtarajiwa

JIBU: Marahaba baba, na hongera. Joho ni vazi la siku moja, na kwa desturi ya pwani hata kuliazima kwa mjomba si aibu, linapita kwenye ukoo kutoka harusi hadi harusi. Kodi au azima, lakini lijaribu mapema mabegani na urefu, na uangalie taraza kwenye kola, maana hapo ndipo jasho la waliotangulia linapoonekana. Kanzu nunua, tena nunua nzuri: utaivaa kila Ijumaa na kila Idd. Mchumba mwambie kumbukumbu ni picha, na ile 290,000 iliyobaki mnunue kitanda.

SWALI: Mama, mimi ni mkulima wa mpunga Mbarali, nina ekari nne za umwagiliaji. Kila msimu nakodi pawatila, lile trekta dogo la mkono: 80,000 kwa ekari kulima, 70,000 kuchavanga, yaani kuvuruga tope kabla ya kupanda. Mwaka jana mwenye mashine aliniahidi Jumatatu, akaja baada ya wiki mbili, miche ikawa imezeeka kitaluni. Nimechoka. Pawatila naiona kwa 7,500,000, naweza kuuza ng'ombe. Mume wangu hataki.
Mama mkulima, Mbarali

JIBU: Mwenzangu, hasira yako naielewa, miche iliyozeeka ni gunia zilizopotea kabla hujapanda. Mche unatakiwa uhamishwe shambani ukiwa na wiki tatu hivi. Ukikaa kitaluni mpaka wiki ya tano, haukai tena na nguvu ya kutoa machipukizi. Hapo hata ukiweka mbolea yote unaipa majani.

Lakini tazama. Wewe unalipa 150,000 kwa ekari, ekari nne ni 600,000 kwa msimu. Shilingi 7,500,000 ni misimu 12 na nusu, na hapo sijaweka dizeli, dereva, beringi wala mikanda. Kwa ekari nne peke yake haitoki. Mume wako hajakosea.

Tatizo lako siyo bei, ni zamu. Kukodi kunafanya kazi vizuri pale ambapo kila mtu anahitaji kitu kwa siku yake. Kule kwenu maji yakifunguliwa mfereji mmoja, watu wote wa tawi lile wanataka mashine wiki hiyohiyo, na mwenye mashine anaanza na mwenye ekari kumi. Mwenye ekari nne anapewa ahadi. Hata mimi Jumamosi za mwezi wa 12 ndivyo ninavyobanwa: harusi nne, turubai ni zilezile.

Kwa hiyo tafuta watatu wa mfereji wenu, walio karibu na wewe, wenye mashamba ya ukubwa kama wako. Mkiwa wanne mna ekari 16, na kwa bei mnayolipa sasa zinakula 2,400,000 kila msimu. Mkichanga, mashine inajilipa kwa misimu mitatu na kidogo, tuseme minne au mitano ukiweka dizeli na vipuri. Pawatila ikilima ekari moja kwa siku, kwa kulima na kuchavanga ekari 16 ni mwezi na siku chache. Inatosha, ila kwa sharti moja: vitalu msivisie siku moja. Mwenye shamba la kwanza kwenye zamu ya maji asie kwanza, wa pili wiki moja na siku moja baadaye, na kuendelea. Mashine iyafuate maji, isifuate mwenye sauti kubwa. Msimu unaofuata, wa mwisho awe wa kwanza kama mpangilio wa mfereji unaruhusu. Yaandikeni haya kabla fedha haijatoka, na andikeni pia anayetaka kutoka atalipwaje, na mashine inalala kwa nani.

Msimu ukiisha isikae. Ifungieni tela, ibebe mpunga kwenda mashineni, ibebe tofali na mchanga. Fedha hiyo iwe ya vipuri, isigawanywe.

Kama wenzako hawapatikani msimu huu, endelea kukodi lakini usikodi kwa mdomo. Mpe mwenye mashine nusu ya fedha mapema, kabla hujasia, aandike tarehe na sahihi, na mkubaliane kwamba akichelewa zaidi ya siku tatu anakupunguzia kiasi fulani kwa ekari. Mwenye mashine aliyeshika fedha yako anakukumbuka. Na ng'ombe mwache kwanza.

SWALI: Hujambo Mama? Sisi ni chama cha akina mama 24, Nakuru. Matanga, ruracio (sherehe ya mahari), harambee, kila mwezi tunakodi viti na hema mara moja au mbili. Viti 200 kwa shilingi 15 za Kenya kila kimoja, hema mbili kwa 3,000 kila moja, wanaleta na kufunga wenyewe. Tumepewa bei ya kununua: kiti 650, hema 45,000. Wengine wanasema tununue vyote, tukodishe na kwa watu wengine. Wengine wanaogopa. Tusaidie.
Katibu wa chama, Nakuru

JIBU: Sijambo dada zangu. Hii ndiyo kazi yangu, mniruhusu nikae nayo kidogo.

Kwa bei mliyonipa, kila shughuli mnalipa 9,000: viti 3,000, hema 6,000. Kununua vyote ni viti 130,000 na hema 90,000, jumla 220,000. Mtu atagawanya haraka, atapata shughuli 24 au 25, atasema mwaka na nusu tumemaliza. Hapo ndipo vyama vingi vinapokimbilia dukani.

Lakini ile 3,000 ya hema siyo ya kitambaa. Ndani yake kuna pikapu ya kuleta na kurudisha, na vijana wanne wanaojua kusimamisha nguzo, kupiga vigingi ardhini na kukaza kamba ili upepo wa saa tisa usilinyanyue. Mkinunua, hao mtawalipa nyinyi. Tuseme pikapu 1,500 na vijana 2,000. Kati ya ile 6,000, mnachookoa kweli ni 2,500 kwa shughuli, na hema za 90,000 zinajilipa baada ya shughuli 36. Viti vya 130,000, kwa 3,000 mnazookoa, ni shughuli 43, kabla ya kuhesabu vinavyovunjika. Kwa shughuli 18 kwa mwaka, ni miaka miwili kwa hema na zaidi ya miwili kwa viti. Siyo mbaya, lakini siyo mwaka na nusu.

Sasa niwaambie vitu vinavyokufa vipi. Kiti cha plastiki hakivunjiki katikati, kinapasuka mguu wa nyuma, pale unapokutana na kalio la kiti, kwa sababu watu wakishiba huegemea nyuma na kuinua miguu ya mbele. Ufa unaanza mdogo kama unywele. Kila kikirudi, kipinduliwe, kikaguliwe hapo. Chenye ufa kitolewe siku hiyo, mzee asije akaanguka nacho msibani. Kiti kinacholala juani kinabadilika rangi, kinakuwa kama chenye chokaa ukikipitishia kidole. Hicho kinakaribia kukatika. Vipangeni kivulini, kumi kumi, siyo ishirini, maana vya chini vinapinda. Na pigeni alama ya rangi chini ya kila kimoja, kwa sababu matanga yakiisha usiku, viti vya watu watatu vinachanganyika na kila mmoja anaondoka na vizima.

Hema adui yake ni maji. Likikunjwa limelowa, siku tatu tu linaanza madoa meusi, na madoa yale hayatoki, yanakula uzi. Mvua ikinyesha kwenye shughuli, hema linarudi na kutandazwa tena kesho yake mpaka likauke, hata kama watu wamechoka. Je, mna mtu wa kufanya hivyo, na ana uwanja? Mkinijibu hapana, msinunue hema hata la bure.

Shauri langu ni nusu. Angalieni daftari lenu la mwaka mzima: ni shughuli ngapi zilizotumia viti vyote 200? Kwa uzoefu wangu, nyingi ni za watu 80 au 100, na zile kubwa ni chache. Nunueni hema moja na viti 100. Hiyo ni 110,000, nusu ya fedha, na vitatoka karibu kila shughuli. Siku ya shughuli kubwa kodini hema la pili na viti 100 vya kuongezea, kama mlivyozoea. Sisi wenye biashara ndivyo tunavyofanya: mimi nikipata harusi ya watu 600 sinunui viti, nachukua kwa mwenzangu wa Mtoni, naye akizidiwa anachukua kwangu. Ninavyomiliki ni vile ambavyo haipiti wiki havijatoka.

Kuhusu kukodisha kwa watu wa nje, ngojeni mwaka mmoja. Jumamosi ambayo mtu wa nje anataka hema ndiyo Jumamosi mwanachama wenu anapofiwa, na mkimwambia mwenzenu hema limekwenda kwa mgeni, chama kitaingia ufa mbaya kuliko wa kiti. Mkiamua kuanza, wekeni sheria kwamba msiba wa mwanachama unatangulia, na mgeni aambiwe hivyo kabla hajatoa fedha. Chukueni amana, hesabuni viti mbele ya mteja wakati wa kutoa na wakati wa kupokea, na kuhesabu kuwe mchana. Nani atashika ufunguo wa stoo na nani atashika daftari, wawe watu wawili tofauti.

Na hata wanachama wenyewe walipe kidogo kila wanapotumia. Shilingi 5 kwa kiti inatosha kununua vipya vile vya zamani vikichoka. Vyama ninavyovijua vilivyosema "vya kwetu ni bure" vilikodi tena baada ya miaka mitatu.

Mwezi ujao nitajibu barua za fremu za biashara, zimekuwa nyingi. Mnapoandika, niwekeeni bei ya kukodi, bei ya kununua, na mmetumia kitu hicho mara ngapi miezi mitatu iliyopita, nisiwe nabahatisha.